Kanzu, Kaniki na Mchanga wa Coco: Nilivyojifunza Kupima Mwanga wa Mchezo

"Ni yupi sasa mwanangu hapa?"

Mama yule aliniuliza hivyo akiwa ameketi sebuleni kwangu Kinondoni, Desemba ya mwaka 2016. Genge lake alikuwa amemwachia jirani ili aje kuona mechi ya mwanawe, kijana wa miaka 14 aliyefunga mabao mawili Coco Beach Jumamosi iliyotangulia. Mechi yote niliirekodi mimi, toka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na mabao yote yalikuwemo. Lakini waliokuwa wakikimbia kwenye televisheni walikuwa vivuli. Mchanga ulionekana, tena wa kijivu kama majivu yaliyopoa. Bahari ilionekana, na mashua kwa mbali. Watoto ndio hawakuwa na nyuso. Jezi nyekundu zilikuwa zimeiva zikawa maroni, za bluu zimekuwa nyeusi, na kilichosomeka mwilini mwao kilikuwa namba za mgongoni tu. Mwanawe alivaa namba 9. Mama akamfuatilia mtoto wake kwa namba, kama mtu aliyekaa kwenye benchi akisubiri aitwe dirishani. Alitazama mpaka mwisho, akashukuru, akatoa pesa iliyobaki. Nikakataa kuipokea. Akasema, "Umefanya kazi, mwanangu, chukua." Nilichukua kwa kumheshimu, na usiku ule sikupata usingizi.

Nimeingia kwenye kazi ya video kupitia harusi, kama wengi wetu hapa Dar. Send-off, kitchen party, ndoa, sherehe ya ukumbini. Ukumbini adui yako ni giza. Unazoea kufungua lenzi yote, unaongeza geini, yaani kamera ikuze mwanga mdogo inaoupata, unamwomba fundi wa taa asizime ile ya jukwaani, na siku nyingi unaiachia kamkoda ijipangie yenyewe kwa sababu inaweza. Hivyo nilipoitwa kurekodi bonanza la vijana la soka la ufukweni, nilikwenda na moyo mwepesi. Jua lipo la kumwaga, nikasema, leo shida ya mwanga haipo. Niliweka kila kitu otomatiki, nikasimama katikati ya uwanja kwenye kiti cha plastiki ili nione juu ya vichwa vya watazamaji, nikaanza kazi.

Kulikuwa na jambo moja lililonidanganya zaidi ya yote. Juani kioo cha pembeni cha kamera hakionekani. Nilikikinga kwa mkono, bado giza. Nikaingia kwenye menyu nikakiongezea ung'aavu mpaka mwisho, na hapo nikaona nyuso vizuri kabisa. Nikaridhika. Sikujua kwamba nilichong'arisha ni kioo tu, wala si picha inayoingia kwenye kadi. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio nyumbani ukidhani mtangazaji kule studio naye ameanza kupaza sauti. Kwa muda wote wa mechi, vipindi 3 vya dakika 12, nilikuwa natazama picha nzuri na kurekodi picha mbaya.

Nilijaribu kuiokoa kwenye kompyuta. Nilipandisha mwanga wa sehemu za giza, nyuso zikaanza kujitokeza, lakini zilikuja na chenga, zile chengachenga tulizokuwa tukiziona kwenye televisheni antena ikigeuka. Rangi za mashavu zikawa mabaka. Kamkoda za kiwango kile hubana sana picha zinapohifadhi, na maeneo ya giza ndiyo yanayotupwa kwanza. Kilichotupwa hukipati tena kwa programu yoyote. Nilifanya kazi usiku mbili, na uso wa yule mtoto haukurudi.

Basi nikampelekea kadi yangu mzee mmoja wa Ilala, aliyeshika kamera tangu enzi za kanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umeniletea nini?"

Alitazama dakika mbili hivi, akasimamisha. Hakuniuliza nilitumia kamera gani wala ya bei gani. Aliniuliza, "Kamera yako siku hiyo ilikuwa inampima nani?"

Sikuwa na jibu. Akainuka, akachukua kanzu yake ya Ijumaa iliyokuwa imetundikwa nyuma ya mlango, akaianika kwenye kamba uani juani. Akaniambia niiweke kamkoda yangu otomatiki, niivute kanzu ijae kioo chote. Ikajaa. Kisha akaniuliza ile kanzu ina rangi gani kwenye kioo. Ilikuwa ya kijivu. Akaingia ndani, akatoka na kaniki ya mkewe, nyeusi tii, akaianika palepale. Nikaivuta nayo ijae kioo. Nikasubiri sekunde mbili. Kaniki ikapauka, ikapauka, ikawa ya kijivu kama kanzu.

"Umeona?" akasema. "Kwake yeye dunia nzima ni ya rangi moja."

Hilo ndilo lililonifungua macho, na mpaka leo nikimfundisha mtu huanza na kanzu na kaniki. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui mchanga, hakijui mtu. Kinachukua vyote vilivyo mbele yake, kinavichanganya, kinapata wastani, halafu kinafungua au kufunga lenzi ili wastani huo ufanane na kijivu cha kati, kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwenye mitaa yetu ya kawaida, penye ukuta, mti, barabara na watu, hesabu hiyo inakaa vizuri. Lakini pale Coco, robo tatu ya picha yangu ilikuwa mchanga mweupe na anga. Kamera ikaona weupe mwingi mno, ikajifunga ili mchanga uwe wa kijivu. Na mchanga uliposhuka kuwa kijivu, uso wa mtoto mweusi ulishuka nao. Ukianzia chini ya kijivu halafu ukateremshwa tena, unaishia gizani. Wenye ngozi nyeusi ndio wa kwanza kupotea kamera inapokosea upande huo. Na mimi nafanya kazi Dar es Salaam. Karibu kila mtu ninayempiga picha ni mweusi, kwa hiyo kosa hilo kwangu si la bahati mbaya ya siku moja. Nisipolizuia litanirudia kila siku.

Bonanza la pili lilikuja baada ya wiki chache, na nilikwenda nimejua nusu ya somo, hali ambayo ilinigharimu nayo. Kamkoda ile ilikuwa na kitufe cha kusaidia mtu aliyesimama na mwanga nyuma yake. Nikakibonyeza. Nyuso zikatoka, nikafurahi. Lakini kitufe kile huongeza kiasi kimoja tu kilichopangwa kiwandani, na siku ile kilizidisha. Mchanga ukaungua. Mchanga ulioungua ni tambarare nyeupe isiyo na nyayo, wala vilima vidogo, wala vumbi linaloruka mchezaji anapogeuka. Mpira wenyewe ulikuwa mweupe wenye mabaka ya njano, na ulipokuwa chini hukuuona kabisa. Ukiutazama ule mchezo kwenye televisheni ni watoto wanaopiga teke hewani. Kocha wao aliniambia kwa upole, "Dada, safari hii watu tumewaona. Mpira uko wapi?"

Na kulikuwa na jambo lingine nililoligundua nilipotazama picha zile kwa utulivu. Mwanga ulikuwa unapumua. Kila kundi la wachezaji lilipokusanyika mbele ya kamera, picha iling'aa; walipotawanyika mchanga ukatawala, picha ikafifia. Kipa akipiga mpira mrefu na mimi nikaufuata angani, anga inaifunga lenzi, na mpira unaposhuka miguuni mwa mshambuliaji, yuko gizani kwa sekunde nzima kabla kamera haijazinduka. Sekunde hiyo ndiyo ya bao. Jua halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile nilichokielekezea kamera, nayo ikadhani dunia imebadilika.

Hapo nilielewa swali la mzee. Anayepaswa kupimwa ni mchezaji, na akishapimwa, kipimo kifungwe, kamera isiruhusiwe kubadili mawazo kila mpira unapohama.

Niliuza kamkoda ile na kununua nyingine, ya mtumba lakini ya daraja la juu kidogo, yenye gurudumu la airisi kwenye lenzi. Airisi ni kile kijitundu ndani ya lenzi kinachotanuka na kusinyaa kama mboni ya jicho. Ilikuwa pia na swichi ya filta za ND, vioo vya kijivu vinavyopunguza mwanga bila kugusa rangi: kimoja hupitisha robo ya mwanga, cha pili sehemu 1 ya 16, cha tatu sehemu 1 ya 64. Sikujua thamani ya swichi hiyo mpaka nilipopiga hesabu. Jua la wazi la mchana, kwenye kamera kama yangu ikiwa na geini sifuri na shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, ya 1/50 ya sekunde, linahitaji airisi ijifunge mpaka karibu f/40; namba ya f ikikua, kijitundu kinakuwa kidogo. Hakuna lenzi ya kamkoda inayofika huko. Na hata kabla ya kufika, ukipita f/8 na kuelekea f/11 kwenye kamera zenye kihisi kidogo, mwanga unaopenya katundu kadogo hutawanyika kingoni na picha hulainika, unadhani fokasi imekosewa. Miezi mingi nilikuwa nikilalamikia fokasi isiyo na hatia. Nikiweka kioo cha 1 ya 64, f/40 ile inarudi kwenye f/5 hivi, na hapo lenzi inapumua na kutoa picha kali yenye kingo safi.

Shata nayo nilibishana nayo sana. Kwa kuwa sisi tunarekodi picha 25 kwa sekunde, shata ya 1/50 ndiyo inayofanya mwendo uonekane laini kama jicho linavyouona. Kwa mechi ya kutazamwa na wazazi, naipenda. Lakini makocha hawaitaki. Kocha anataka kusimamisha picha aone mguu uligusa mpira kwa kisigino au kwa dole, na kwenye 1/50 mguu ni ukungu. Nikipandisha mpaka 1/250, punje za mchanga zinaonekana moja moja hewani kijana anapopiga tikitaka, na mpira unaposimamishwa ni duara kamili. Shata hiyo inapunguza mwanga kwa zaidi ya hatua mbili, na kila hatua ni mwanga maradufu au nusu yake, kwa hiyo nabadilisha kioo cha ND kutoka 1 ya 64 kwenda 1 ya 16, na airisi inabaki palepale kati ya f/4 na f/5.6. Nimeona wenzangu wanaopandisha shata mpaka 1/1000 au zaidi kama njia ya kupunguza jua, kwa kuwa kamera zao hazina ND. Picha haiungui kweli, lakini mwendo unakuwa wa kukatakata, wachezaji kama vikaragosi. Ni afadhali mara mia kununua filta ya kufunga mbele ya lenzi kwa nyuzi.

Sasa kupima. Mzee alinifundisha kwa kiganja. Kiganja cha mkono, kiwe cha Mmatumbi, Mhindi au Mzungu, hakitofautiani sana kwa weupe, na huwa kimezidi kile kijivu cha kati kwa takriban hatua moja. Kwa hiyo unasimama juani palepale watakapocheza, unaelekeza kiganja kule kamera itakakokuwa, unakivuta kijaze kioo, na unafungua airisi mpaka kiganja kionekane cheupe kuliko kijivu lakini bado mistari yake inasomeka. Kamera yangu ina alama ya milia, mafundi wanaiita zebra, inayotokea juu ya sehemu ya picha iliyofikia ung'aavu uliouchagua. Nimeiweka asilimia 70. Milia ikianza kuchungulia kwenye sehemu zinazong'aa za kiganja, nimefika. Kisha nabadilisha zebra iwe 100, inayoonyesha kilichoungua au kinachokaribia kuungua, natazama uwanja mzima. Nakubali povu la mawimbi liwe na milia. Nakubali bega la jezi nyeupe liwe na milia kidogo. Mchanga ukianza kuota milia kwa mapana, narudisha airisi kidogo, robo ya hatua, nusu, hadi nyayo zirudi.

Hapa kuna jambo ambalo nalisema kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu, na nalisema kwa mkazo. Wanasoma kwamba uso wa mtu unatakiwa ufike 70 kwenye zebra. Kipimo hicho kilitokana na nyuso nyeupe. Mtoto wa Mbagala ukimfikisha 70 hujampima, umempausha. Anatoka kama aliyepakwa unga. Mchezaji mweusi tii anapendeza akiwa chini zaidi, akaachwa na weusi wake, na kinachofikia 70 kikawa jasho kwenye paji la uso na kwenye bega. Jasho hilo ndilo linaloichonga sura yake. Nilijifunza hili nilipomrekodi beki mmoja mrefu wa timu ya Kigamboni, mweusi wa kung'aa. Mara ya kwanza nilimfungulia lenzi mpaka akawa wa kahawia. Alipojiona aliniambia tu, "Dada, huyu si mimi." Alikuwa na haki. Tangu hapo nikishapima kiganja, namvuta mchezaji mmoja halisi wakati wa kupasha misuli, nauangalia uso wake, na kujiuliza kama mama yake akimwona atasema ni yeye.

Mahali pa kusimama pana nguvu kuliko kitufe chochote. Coco inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, kwa hiyo ukisimama upande wa barabara ukitazama maji, wachezaji wote wana mwanga mgongoni na nyuso zao ziko kivulini, na bahari nyuma yao inameremeta kama bati jipya. Asubuhi nasimama upande wa maji. Alasiri nahamia upande wa barabara, jua likiwa mgongoni mwangu, na saa kumi ya pale, hasa baada ya mvua kusafisha hewa, ni saa tamu kuliko zote: ngozi zina joto, bahari ina rangi yake ya kijani, mchanga umetulia. Uwanja wa soka la ufukweni una urefu wa mita 35 hadi 37 tu, kwa hiyo ukisimama kwenye mstari wa kati unafika kote bila kuhama.

Mchana wa saa sita na saba watu wanauogopa, nami niliuogopa. Hapa kwetu jua huja utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kama tarehe 10 Oktoba, na kwa saa za Dar huwa linafika juu kabisa saa sita ikiwa imepita dakika kama kumi au zaidi. Kwenye uwanja wa majani, jua hilo linamchimbia mchezaji mashimo meusi machoni. Lakini nilishangaa kugundua kwamba ufukweni si vibaya hivyo. Mchanga ule ule uliokuwa adui yangu unarudisha mwanga kutoka chini, unaingia chini ya paji la uso, chini ya kidevu, unamulika macho. Wapiga picha za harusi wanalipa mtu ashike ubao mweupe afanye kazi hiyo. Pale Coco umetandikwa uwanja mzima.

Mawingu ndiyo mtihani uliobaki. Ukishafunga kipimo kwa mkono, wingu likipita hakuna atakayekusaidia. Wingu zito la vuli linakata hatua mbili, wakati mwingine tatu, kwa sekunde chache. Kwenye magari ya matangazo ya mechi kubwa, zile za Uwanja wa Mkapa, huwa kuna mtu ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya skrini na kulinganisha airisi za kamera zote. Mimi nina kidole gumba. Mara moja kijana alikuwa anajiandaa kupiga penalti na wingu likaja. Niliona kivuli kikitembea juu ya mchanga kutoka upande wa kusini, kikimeza goli kwanza, kisha kipa, kisha mpigaji. Nilizungusha gurudumu taratibu, nikihesabu moyoni, na bao lile lilitoka na mwanga unaotulia. Siku hizi naangalia mbingu kama nahodha wa ngalawa. Nikiona wingu linakuja na mpira umetoka nje, nabadilisha wakati huo, watazamaji hawajui kilichotokea. Na kama wingu ni dogo, la kupita, siligusi gurudumu, naacha giza lipite kama lilivyopita uwanjani, kwa sababu watu wanaijua dunia yenye mawingu.

Kriketi ilinifundisha kinyume cha yote haya. Niliitwa kurekodi mechi ya vijana pale Gymkhana, nikaenda na mazoea yangu ya mchanga, nimezoea kufungua. Majani ya kijani yana ung'aavu unaokaribia kile kijivu cha kati, kwa hiyo kipimo cha kamera chenyewe kilikuwa sahihi, mimi nikaongeza. Mavazi meupe yakaungua, mikunjo ya mashati ikapotea, wachezaji wakawa mashuka yanayotembea. Nikashusha hatua nzima na kila kitu kikakaa. Mpimaji anayekariri jibu la uwanja mmoja anakosa kwenye uwanja wa pili. Kwenye maji, ukirekodi ngalawa au kuogelea, filta ya polaraiza inasaidia kuliko ND peke yake, maana inakata ule mmeremeto. Lakini inakula mwanga wake, na ukigeuza kamera mwelekeo mwingine nguvu yake inabadilika, kwa hiyo siitumii kwenye mchezo wa kukimbia huku na huku.

Viwanja vya shule ndivyo vigumu kuliko ufukwe. Kuna kimoja Temeke chenye miti mikubwa ya mikungu upande mmoja, na ikifika saa kumi nusu ya uwanja iko juani na nusu kivulini. Hakuna kipimo kinachotosha pande zote mbili. Nilijaribu katikati, nikapata nusu iliyoungua kidogo na nusu yenye giza kidogo, mbaya zote. Sasa napima upande wa jua, nafunga, na mpira ukiingia kivulini nafungua hatua moja na nusu kwa gumba, nikianza kuzungusha kabla mpira haujavuka mstari wa kivuli. Inachukua mazoezi. Nilifanya mazoezi ya kidole hicho nyumbani, dirishani, nikifuata watu wanaopita kutoka kwenye kivuli cha ukuta kwenda barabarani, mpaka kidole kikajua kwenda bila mimi kukituma.

Na kioo cha pembeni sikiamini tena juani. Naangalia kwenye kitafutio, kile kitundu cha kuchungulia nyuma ya kamera, jicho likiwa limebana raba yake, na ninayo kaniki. Ndiyo, kaniki, ya kwangu mwenyewe, niliinunua Kariakoo wiki ileile niliyotoka kwa mzee. Najifunika nayo kichwa na kamera pamoja nikitaka kuangalia kioo, kama wapiga picha wa zamani wa mtaani. Kazi ikisimama, nafunika nayo kitafutio, kwa sababu lenzi ile ndogo ya jicho ikielekea jua inalikusanya kama kioo cha kuwashia moto na kuchoma skrini iliyo ndani. Kamera yangu ina nukta ya manjano kwenye kona ya kitafutio niliyoipata kwa dakika chache tu za uzembe, nilipoiacha juu ya stendi nikaenda kununua maji.

Joto nalo. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukafungua begi ufukweni, unyevu unaganda kwenye lenzi papo hapo na picha zinakuwa na ukungu kama robo saa. Nafika mapema, naiacha kamera ndani ya begi lililofungwa kivulini mpaka ipate joto la mahali.

Yule mtoto wa namba 9 nimemrekodi mara nyingi baada ya hapo, na mama yake ana mechi tatu ambazo anamwona uso kwa uso. Ile ya kwanza bado ninayo kwenye diski. Mabao yale mawili hayapo popote pengine. Kila nikipata programu mpya naifungua, napandisha giza, naangalia kama uso utakuja, kisha naifunga.

Vijana wa Coco siku hizi wanaujua utaratibu wangu. Nikisimamisha stendi kabla ya mechi, wanakuja wenyewe mbele ya lenzi, wamesimama juani, mikono imenyooka. "Dada, leo nipime mimi." Wanasukumana kugombea nafasi. Mara nyingi namchagua mweusi kuliko wote na mwenye jezi nyeupe, nawasimamisha bega kwa bega. Jumamosi iliyopita mdogo mmoja wa miaka 10 hivi alining'ang'ania, nikampima yeye. Alishikilia kiganja chake mbele ya kamera, kina mchanga, hakikutikisika hata kidogo, mpaka milia ikaanza kuonekana kwenye ncha za vidole.